Gari Lililokufa Kabla ya Mto

Trekta ya misheni ilivuta kwa mara ya tatu, mnyororo ukakaza, na gari likaanza kutoka mtoni kinyumenyume huku likimwaga matope kwa kila mlango. Ilikuwa Jumamosi ya tatu ya Februari 1995, na mvua ilikuwa haijapumzika tangu Jumatatu.

Inspekta Évariste Nkulu, mpelelezi wa parquet, ofisi ya mwendesha mashtaka ya Likasi, alisimama ukingoni amekunja suruali hadi magotini, daftari lake amelitia ndani ya mfuko wa plastiki. Mahali hapo hapakuwa na daraja. Enzi za Wabelgiji ilimwagwa sakafu ya saruji chini ya maji ili magari yapite juu yake, na madereva waliita radie. Wakati wa kiangazi maji yalikuwa hayafiki hata kifundo cha mguu. Lakini tangu daraja la barabara kuu livunjike mwezi wa Januari, magari yote ya kwenda Kapolowe na Lubumbashi yalilazimika kupita hapa, na mto ulikuwa umejaa hadi kifuani. Kandokando ya saruji, upande wa chini, maji yalikuwa yamechimba shimo la kumeza lori zima.

Land Cruiser hiyo ilikuwa mali ya ghala la dawa la mjini. Alhamisi alfajiri, Alphonse Mwamba, msimamizi wa ghala, alifika kwenye kituo cha askari ng'ambo ya mto akiwa ameloa chapachapa. Alieleza kwamba yeye na dereva wake, Éphraïm Kalenga, walikuwa wakipeleka kinini Kapolowe. Wasukumaji, wale vijana na wazee wanaovusha magari mtoni kwa mikono yao, wakawaelekeza shimoni makusudi ili wawaibie. Yeye aliogelea akaokoka, dereva akafa maji. Askari walipofika walimkuta Placide Musonda, mkuu wa wasukumaji, amepiga magoti kando ya maiti ya Éphraïm. Kwao hiyo ilitosha. Placide alifungwa, akapigwa, na leo saa tisa alasiri lori lingempeleka Lubumbashi. Miezi ile, waliopandishwa lori lile walioonekana tena walikuwa wachache.

Évariste alikuwa amemhoji jana, kupitia nondo. Placide alisema maneno machache tu. Hakuna aliyewaita wasukumaji alfajiri hiyo; walifika saa kumi na mbili wakalikuta gari limekwisha zama. Alipiga mbizi mara nne. Mara ya nne alimpata Éphraïm.

"Alikuwa ku usukani?" Évariste aliuliza.

"Hapana. Alikuwa nyuma, kati ya magaloni."

"Uliwaambia askari?"

"Hakuna mwenye aliniuliza."

Sasa gari lilikuwa limesimama juu ya majani, likichuruzika. Arsène Ngoie, fundi aliyekuja kutoka Likasi na sanduku lake la spana, alivua shati akalitundika kwenye kioo cha pembeni.

"Anzia magurudumu, Papa Arsène," Évariste alisema.

Fundi alichuchumaa mbele ya gurudumu la kuume, akapangusa matope katikati yake. Magari ya aina ile yana vifungio kwenye magurudumu ya mbele. Dereva hushuka na kuvizungusha kwa mkono, ndipo magurudumu yote manne yavute. Arsène akatazama mshale. Akahamia upande wa kushoto, akatazama tena.

"Haikufungwa. Yote mbili."

"Maana yake?"

"Maana yake ilikuwa inavuta na ya nyuma tu. Éphraïm aingie mu maji vile? Wapi! Ule muzee alikuwa anafunga magurudumu, anatosha mukanda ya feni ju isirushe maji, anavua viatu, anatembea ye mwenyewe mu maji na fimbo mbele ya kuingiza gari. Miaka ishirini na mbili. Ye njo alinifundisha kazi."

Évariste aliandika. Maiti ilikutwa na viatu, kamba zimefungwa vizuri. Hilo pia alikuwa ameliandika jana.

Arsène aliinua boneti. Wote wawili waliinama, na wote wawili waliona: ubavuni mwa injini palikuwa na tundu ambalo ngumi ya mtu mzima ingepita. Mkono wa pistoni ulikuwa umevunjika na kutoboa chuma kutoka ndani.

Tundu lile liliyatia nguvu maneno ya Alphonse. Kila dereva wa Katanga anajua kwamba injini inayounguruma ikinyonya maji huvunjika mikono palepale.

"Basi ilikunywa maji," Évariste alisema.

"Na minye niliwaza vile." Arsène aliingiza vidole tunduni, akavuta kitu. Kilikuwa kitambaa cha gunia kilichoshindiliwa ndani, kigumu kwa grisi ya zamani. Kisha akapitisha kidole kwenye ukingo wa tundu na kukionyesha. "Angalia kutu. Ya siku mbili ni nyekundu, ukigusa inatoka sawa unga. Hii ni nyeusi, ilikula chuma. Tundu hii iko na mwaka muzima, Inspecteur. Na mutu aliiziba na gunia ju taka zisiingie. Nani atakaa mu shimo ya mto, maji kwa shingo, ashindilie gunia mu motere?"

"Bolti za kufungia motere?"

"Mupya. Zinang'aa."

Évariste alitoa kwenye mfuko wa plastiki karatasi ya gari, ile aliyoihifadhi Éphraïm chini ya Biblia yake na ambayo mjane wake, Stéphanie, alimkabidhi mwenyewe. Arsène alipangusa ubavu wa injini kwa mate na kiganja, akasoma namba kwa sauti, tarakimu moja moja. Évariste alifuata kwenye karatasi. Ya tatu haikulingana. Ya nne haikulingana. Baada ya hapo aliacha kufuata.

"Motere ya Éphraïm minye niliifungua mwezi wa kumi," Arsène alisema polepole. "Ilikuwa nzima sawa saa. Hii ni mufu. Hii haikufika hapa kwa miguu yake."

Évariste aliinama mbele ya gari. Kwenye chuma cha mbele, mahali pa kufungia kamba, rangi ilikuwa imekwanguka mpaka chuma cheupe, mkwaruzo mpya. Gari lilikuwa limeburutwa. Kulivuta gari zito namna hii kilomita thelathini za tope kulihitaji gari jingine la magurudumu manne, na lenye nguvu.

Alitazama saa. Ilikuwa saa nne kasoro robo.

*

Ghala la dawa lilikuwa nyuma ya soko. Rafu zake zilikuwa tupu isipokuwa katoni mbili za bendeji. Alphonse Mwamba aliketi nyuma ya meza, shati jeupe limepigwa pasi, kikombe cha chai mbele yake. Alikohoa, akaomba radhi. Kifua bado kilikuwa na maji ya mto, alisema.

"Pole na musiba, Bwana Alphonse."

"Asante, Inspecteur. Éphraïm alikuwa ndugu."

"Minye sijui sana mambo ya magari. Unisaidie niandike muzuri. Mulifika ku mto saa ngapi?"

"Kumi na moja na nusu. Giza ilikuwa inaisha."

"Éphraïm alishuka apime maji?"

"Hapana. Alikuwa amekunywa. Ilinifanya uchungu, lakini njo ukweli."

Évariste hakumkumbusha kwamba Éphraïm alikuwa shemasi wa kanisa la maombi na hakuwa amegusa pombe tangu alipobatizwa. Aliandika tu.

"Motere ilikuwa inalia muzuri?"

"Muzuri kabisa."

"Mu maji vilevile?"

"Mu maji vilevile. Alikanyaga, ikalia kwa nguvu, maji ikapanda juu ya boneti. Kisha bale bantu bakatuonyesha na mikono, piteni huku. Tukaanguka mu shimo."

"Motere ikazimika wapi?"

"Mu shimo pale."

"Mbele ya kufika mu shimo haikuzimika?"

"Ata kidogo."

Évariste alimsomea maneno yake yote, bila haraka, kama mwalimu anayesoma imla. Alphonse alitikisa kichwa kila mstari. Akapewa kalamu, akasaini.

Hapo Évariste alifungua mfuko na kuweka kile kitambaa cha gunia juu ya meza, kando ya kikombe. Grisi ilichafua karatasi.

"Hii tuliitosha mu tumbo ya motere yenu. Motere yenye tundu ya mwaka muzima. Namba yake si namba ya karatasi."

Alphonse alikitazama kitambaa. Kikohozi kilikuwa kimekwisha. "Pengine Éphraïm aliuzisha ile ya muzuri. Madereva, Inspecteur, unabajua. Alitudanganya wote."

"Inawezekana. Na minye nilifikiri vile." Évariste aligeuza daftari, akaweka kidole chini ya saini. "Lakini sasa uniambie: motere mufu ililia namna gani mu maji? Umesema ililia kwa nguvu. Umesaini."

Mvua ilipiga bati juu yao. Mtu alipita nje akisukuma baiskeli yenye magunia ya makaa, na Alphonse akamsindikiza kwa macho kana kwamba angependa kumwita.

"Saa tisa bantu batamupandisha Placide mu lori," Évariste alisema. "Nikitoka hapa bila jina, nitaandika jina moja tu. Yako."

"Ni Eddy," Alphonse alisema.

"Eddy nani?"

"Eddy Tshibanda. Mwenye anapeleka bidhaa Zambie. Motere ya lori yake ilikufa, akataka ya kwetu. Alisema ghala haina dawa, gari itaenda wapi? Tukabadilisha wiki ile Éphraïm alienda Bukama kwa kilio ya dada yake. Éphraïm akarudi Jumatano, akafungua boneti tu, akajua. Asema ataenda Lubumbashi kutushitaki kwa docteur mukubwa." Alipangusa uso kwa mkono wa shati. "Nilimuomba. Nilimupigia magoti, Inspecteur, ata hapa, mu nyumba hii. Akasema kule Kapolowe batoto banakufa na homa, na gari njo miguu yabo."

"Kisha?"

"Eddy alimupiga na spana ya magurudumu. Mara moja."

"Na weye?"

"Minye nilishika miguu. Tulimuweka nyuma. Eddy akavuta gari na Patrol yake mupaka ku mto, tukaisukuma. Eddy asema wakati wa mvua hakuna mutu anashangaa gari ikikufa mu maji."

"Éphraïm alikuwa amekufa wakati munaisukuma?"

Alphonse alikisogeza kikombe cha chai pembeni. Évariste aliuliza tena, kwa sauti ileile.

"Alikuwa anapumua," Alphonse alisema.

Évariste aliiweka kalamu chini. Arsène, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote huo, alitoka nje akaenda kusimama mvuani.

"Chukua," Évariste alisema, akimsogezea daftari. "Hiyo utaandika weye mwenyewe, na mukono yako."

Kabla ya saa saba Alphonse alikuwa korokoroni, na substitut, naibu wa mwendesha mashtaka, alikuwa ameisoma karatasi mara mbili na kusaini amri ya kumwachia Placide. Simu ilikuwa imekufa tangu mwaka uliotangulia. Alphonse alisema Eddy angeondoka siku ileile kwenda mpakani kwa Patrol yake ya kijani. Parquet ilikuwa na gari moja tu, Land Rover kuukuu. Évariste angeweza kwenda kwa Eddy, au kwenda kwa Placide. Aliwatuma askari wawili kwa miguu hadi nyumba ya Eddy, akampa Arsène usukani.

*

Walipofika mtoni ilikuwa saa nane na robo. Maji yalikuwa yamepanda zaidi tangu asubuhi, na mlingoti wa kuonyesha ukingo wa saruji haukuonekana tena. Wasukumaji kama kumi walikuwa wameketi chini ya turubai. Hakuna aliyeinuka.

"Mutuvushe," Arsène aliita.

"Gari ya Leta, ivushwe na Leta," mmoja alijibu bila kugeuza kichwa. Leta kwao ilikuwa serikali.

Évariste alishuka, akawaendea, akafungua karatasi mbele yao. "Ni ya kumutosha Placide mu kifungo. Lori inaondoka saa tisa. Ikiwa tutalala upande huu, ataenda nayo."

Mzee mmoja aliitazama karatasi. Huenda hakujua kusoma, lakini muhuri aliuona. Aliinuka, akachukua fimbo yake ndefu, na wengine wakamfuata.

Arsène alizungusha vifungio vya magurudumu kwa mkono, kimoja kimoja. Alivua mkanda wa feni ili usirushe maji juu ya injini, akafunika mbele ya gari kwa gunia. "Minaweka gia ya pili ya chini," alisema, "na sitagusa tena kitu. Ata ukiona maji kwa magoti yako, usinisemeshe."

Wasukumaji walitangulia safu mbili, fimbo zikigonga saruji chini ya maji, na Land Rover ikapita katikati yao. Maji yaligonga milango, kisha yakaingia kwa chini, ya baridi, yakafika kwenye viti. Mbele ya gari lilitangulia wimbi moja dogo, na Arsène alilifuata kwa mguu uleule, mwendo uleule, jasho likimtiririka kwenye kidevu. Katikati ya mto gari liliserereka upande wa chini, shubiri moja, shubiri mbili. Watu watano waliegemeza mabega kwenye ubavu wake. Likaacha kuserereka. Likapanda.

Kituoni lori lilikuwa tayari linanguruma. Placide alikuwa juu yake, mikono imefungwa waya. Ajida François, mkuu wa kituo, alisoma amri, akaigeuza, akasoma upande wa nyuma usio na kitu.

"Alikiri jana usiku," alisema.

"Alikiri nini?"

"Yote."

"Ajida, mwenye aliua ameandika na mukono yake. Ukimupeleka huyu, nitaandika jina lako kuwa ulisoma karatasi hii saa tisa kasoro robo, ukamupeleka."

Ajida alitema mate pembeni, akaashiria wamshushe. Ilibidi Évariste na Arsène wampokee, kwa kuwa Placide hakuweza kushika ubao wa lori. Waya ulipofunguliwa, vidole vyake vilibaki vimekunjwa, vyeusi, vimevimba kama mihogo.

Hakushukuru. Aliuliza tu, "Muzee Éphraïm, balimuzika?"

"Kesho," Évariste alisema.

*

Waliporudi mtoni waliona Patrol ya kijani kabla hawajasikia muungurumo wake. Ilikuwa imetoka ng'ambo, upande wa Likasi, na ilikuwa tayari majini, peke yake. Wasukumaji wa kule walikuwa ukingoni wakipunga mikono na kupiga kelele. Baadaye walieleza kwamba mwenye gari alikataa kuwangoja. Alisema gari lake lina nguvu kuliko mto. Alikuja kwa kasi, maji yakiruka juu ya paa, na kwa muda ilionekana kana kwamba angevuka. Kisha wimbi lake mwenyewe lililotangulia lilirudi likafunika boneti. Injini ilikohoa mara moja tu, chuma kikalia ndani yake, ikanyamaza. Mto ukaligeuza gari taratibu, ubavu ukatangulia, na gurudumu la mbele likaacha saruji.

Patrol ililala shimoni. Kioo kimoja kilibaki juu ya maji, na nyuma yake mkono wa mtu ulikuwa ukipiga.

Arsène alisimamisha gari ukingoni.

"Ni nani?" Placide aliuliza. Alikuwa amemwona Évariste akishuka garini na kusimama kama mti.

Évariste angeweza kunyamaza. "Ni Eddy Tshibanda. Njo alimupiga Éphraïm. Ni kwa ajili yake balikupandisha mu lori."

Placide alitazama maji, akatazama mkono ule nyuma ya kioo. Kisha alikwenda kwenye turubai ya wasukumaji wa upande huu, akavuta kamba kwa kuikumbatia kati ya viwiko, akarudi nayo kwa Évariste.

"Unifunge kiunoni. Minye siwezi kufunga."

"Placide, mikono yako..."

"Shimo ile ninaijua na miguu. Funga, Inspecteur. Kaza."

Évariste alifunga. Placide aliingia, akapita juu ya saruji bila fimbo, maji yakamfika kidevuni, kisha akatoweka. Arsène na Évariste walishika kamba pamoja na wasukumaji wa upande huu. Kamba ililegea. Ikakaza. Ikalegea tena, muda mrefu mno, na mtu mmoja akaanza kuomba kwa sauti. Kioo kilivunjika kutoka nje. Baadaye waliona jinsi Placide alivyojikata kiwiko hadi mfupani. Ndipo vichwa viwili vilipojitokeza, na watu wote wakavuta.

Eddy Tshibanda alitapika maji kwenye majani, akalia, akamshika Placide mguu, akamwita baba. Évariste alimgeuza kifudifudi na kumfunga mikono nyuma kwa ncha ya kamba. Alimsomea kosa lake kwa sauti ya kawaida, jina la marehemu, siku na mahali.

Placide alikuwa ameketi mbali kidogo, amepakata mikono yake kama vitu vya mtu mwingine. Arsène alikuwa akimfunga kiwiko kwa shati lake. Évariste alichuchumaa mbele yake.

"Hakuna mutu angekulaumu," alisema. "Ungemuacha."

Placide alimtazama kwa mara ya kwanza tangu atoke lorini.

"Nimuache?" alisema. "Mufu wa pili mu radie yangu, na minye niko hapa ku ukingo? Kesho ungekuja weye, na karatasi ingine ya kunifunga."

Évariste alisimama, akamsaidia kuinuka kwa kumshika kwapani, na wakaanza kushuka kuelekea Land Rover iliyokuwa ukingoni, kwa sababu bado walikuwa upande usio wao, Likasi ilikuwa ng'ambo, na jioni ilikuwa ikikaribia.